Nyuso Zilizo Kivulini: Slaidi za Wazee Wetu Zinahitaji Mashine Gani?

Nyumba kongwe za Westlands zinabomolewa moja baada ya nyingine. Apitaye Parklands, Spring Valley au Loresho ameshuhudia jinsi nyumba ya vigae iliyozungukwa na bustani inavyotoweka, na mahali pake kuinuka jumba refu la kupangisha. Leo sina nia ya kuvililia vigae hivyo. Jambo linalonishughulisha ni kile kinachotolewa stoo siku ya kuhama: visanduku vya plastiki au vya bati, na ndani yake picha ndogo ndogo za rangi, kila moja katika fremu ya karatasi ngumu, zimepangwa wima kama biskuti katika pakiti. Wazee huziita slaidi. Vijana wengi hawajui ni nini. Lakini pindi mmoja wao anapoinua moja dirishani na kumwona nyanya yake akiwa msichana wa miaka ishirini, swali huzuka papo hapo: tutaziingizaje katika tarakilishi?

Swali hilo huzaa ubishi. Mmoja wa watoto hushauri inunuliwe skana bapa, yaani ile yenye kioo kipana na kifuniko, ya jamii ya mashine zilizojaa katika maduka ya kutoa nakala, mradi tu iwe na taa ya pili kifunikoni ya kupitisha mwanga katika filamu. Mwingine amesikia kwamba kuna skana ya slaidi, mashine ndogo isiyojua kazi nyingine yoyote duniani ila kusoma filamu. Mwaka huu nimeulizwa jambo hili na watu wengi kiasi kwamba nimeona ni heri niandike. Msimamo wangu nitautaja mapema, msomaji asipoteze muda kuutafuta: kwa slaidi zilizopigwa katika nchi hii, katika jua hili, zikiwa na watu wetu ndani yake, inayofaa ni skana ya slaidi. Sababu yangu kuu si ile wanayoitaja wauzaji.

Tuanze na slaidi yenyewe, kwani kuna wasomaji ambao hawajapata kuishika. Picha ya kawaida ya enzi ya filamu ilizaliwa mara mbili: kwanza negativu, yenye rangi zilizopinduka, kisha karatasi iliyochapishwa kutokana na negativu hiyo. Slaidi huzaliwa mara moja tu. Filamu ile ile iliyokaa ndani ya kamera, iliyoguswa na mwanga uliotoka usoni mwa mtu yule siku ile, ndiyo inayosafishwa, ikakatwa, ikatiwa katika fremu ya milimita 50 kwa 50. Picha yenyewe ina milimita 24 kwa 36 tu. Ni ndogo kuliko uso wa kiberiti. Haina negativu mahali pengine. Ikiungua, ikiliwa na ukungu au ikizolewa na lori la kifusi, hakuna pa kuirudia.

Katika Kenya slaidi hazikuwa za kila mtu. Picha za studio, nyeusi na nyeupe, ndizo zilizokuwa za umma. Slaidi zilikuwa mali ya daktari aliyefundisha, ya mhadhiri aliyebeba darasani sinia la mviringo la projekta lenye nafasi 80, ya mmishonari, ya afisa wa kilimo, ya kampuni ya utalii, na ya mwenye duka wa Parklands aliyependa kuwaonyesha jamaa zake safari ya Mombasa ukutani baada ya chakula cha jioni. Filamu iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa Kodachrome, ambayo kampuni ya Kodak iliianzisha mwaka 1935 na kuacha kuitengeneza mwaka 2009. Rangi zake hazikuwamo ndani ya filamu tangu mwanzo. Zilitiwa maabarani wakati wa kuisafisha, kazi ngumu iliyohitaji mitambo maalumu, ndiyo maana wengi waliituma ng'ambo kwa posta na kungoja majuma kadhaa. Maabara ya mwisho iliyoweza kazi hiyo, katika mji wa Parsons huko Kansas, Marekani, iliacha kuipokea mwishoni mwa mwaka 2010. Ikihifadhiwa gizani, Kodachrome hudumu ajabu: slaidi ya mwaka 1960 yaweza kuwa na rangi kana kwamba ilipigwa juzi. Ektachrome za zamani hazikubahatika hivyo. Nyingi zimegeuka kuwa nyekundu ya zambarau, na majani ya chai ya Limuru yanaonekana kama yameungua.

Sasa nije kwenye kiini cha hoja yangu. Slaidi ni filamu isiyo na subira. Negativu humsamehe mpigaji aliyekosea mwanga, slaidi haisamehi. Ukiruhusu mwanga mwingi kupita kiasi, mbingu na mashati meupe hugeuka kuwa tupu kabisa, kama dirisha, na hakuna kitakachoyarudisha. Kila mpigaji mwenye ujuzi alilijua hilo, hivyo akaipima picha kwa kufuata kilicho cheupe: wingu, kanzu, ukuta wa chokaa, uso wa mgeni. Vilivyosalia vikaachwa vizame. Na katika nchi ya jua la utosini, ni nani aliyezama? Ni mtu mweusi aliyesimama chini ya mti, au aliyevaa kofia, au aliyeketi barazani. Hata maabara za kuchapisha picha zilisawazisha rangi kwa kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi nyingine zilitoka zilivyotoka. Sisemi kwamba kila mpigaji alikuwa na chuki. Nasema kwamba matokeo yake ni haya: katika maelfu ya slaidi zilizopigwa Kenya, nyuso za wenyeji zimo katika ile sehemu ya filamu iliyo nzito kuliko zote.

Zimo, lakini hazikupotea. Hapo ndipo mashine zinapotofautiana. Sehemu nyeusi ya picha iliyochapishwa kwenye karatasi bado hurudisha takriban sehemu moja kati ya mia ya mwanga unaoipiga. Sehemu nyeusi ya slaidi hupitisha sehemu moja kati ya elfu, na katika filamu nzito kama Velvia ya Fuji, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990, hata chini ya moja kati ya elfu nne. Ndani ya kiasi hicho kidogo mno ndimo mlimo na jicho, mkunjo wa paji la uso, kifungo cha shati. Mashine isiyoweza kutofautisha sehemu moja kati ya elfu na sehemu moja kati ya elfu mbili itaandika neno moja tu mahali hapo: nyeusi.

Nilipata nafasi ya kuzilinganisha mashine zote mbili kwa slaidi moja. Familia moja ya Loresho ilikuwa na visanduku kumi na viwili vya marehemu baba yao, aliyekuwa mpima ardhi. Slaidi tuliyoichagua ilikuwa na fremu iliyopigwa muhuri wa mwaka 1964, na juu yake neno moja la penseli: Kangemi. Ukingoni, juani, amesimama Mzungu aliyevaa shati jeupe, mkono juu ya kifaa cha kupimia chenye miguu mitatu. Nyuma yake, chini ya mti, wamo wanaume sita. Skana bapa ilitupa Mzungu vizuri sana, kifaa chake, mbingu, na hata nyasi. Wale sita walikuwa kofia na kola. Tulipolazimisha picha ing'ae, kile kivuli kilijaa madoadoa mekundu na ya buluu kama pilipili iliyomwagwa, wala hakuna sura iliyojitokeza.

Kisha slaidi ile ile ikaingizwa katika skana ya slaidi, kuukuu, iliyoazimwa kwa mpiga picha mmoja mstaafu. Nyuso sita zikatoka. Hazikuwa angavu, lakini zilikuwa nyuso. Mjane, aliyekaribia miaka tisini, alikuwa ameketi kando akinywa chai bila kuonyesha shauku kubwa katika mambo yetu. Mwanawe akamgeuzia kioo cha tarakilishi. "Mama, hawa unawafahamu?" Akavaa miwani, akanyamaza kitambo, kisha akamwekea kidole wa pili kutoka kushoto. "Huyo ni baba yenu mdogo," akasema. "Alifariki hamjazaliwa. Sikujua kama aliwahi kupigwa picha." Nyumba nzima haikuwa na picha nyingine ya mtu yule.

Msomaji aweza kusema kwamba mfano mmoja si hoja. Ni kweli; kwa hiyo nieleze kwa nini jambo hilo linatokea. Skana bapa ni mtoto wa karatasi. Iliundwa ili isome ukurasa mzima wa kitabu, na taa ya kusomea filamu iliongezwa baadaye kifunikoni. Jicho lake hutazama upana wote wa kioo. Slaidi imelala juu ya kioo au katika kishikio cha plastiki kilichoinuliwa kidogo, na mashine nyingi za aina hii zina fokasi moja tu isiyobadilika. Filamu ikijikunja katikati, kama zifanyavyo slaidi nyingi za fremu ya karatasi, sehemu moja huwa kali na nyingine hufifia. Aidha, mwanga unaopita katika mbingu ya picha hugonga kioo kile kipana, ukatawanyika, na chembe zake zikaangukia mahali penye kivuli. Giza likitiwa maji namna hiyo, maelezo yaliyomo ndani yake hufunikwa.

Skana ya slaidi haina kioo cha ukurasa. Kati ya slaidi na lenzi ni hewa tupu. Jicho lake halina kazi nyingine ila kutazama zile milimita 24 kwa 36, na mwanga wote umeelekezwa hapo. Mashine za Nikon zilizoitwa Coolscan zilitumia taa ndogo za rangi nyekundu, kijani na buluu zikiwaka kwa zamu, zilijiwekea fokasi zenyewe juu ya kila slaidi, na baadhi yake ziliweza kuusoma mstari ule ule mara nne au kumi na sita kisha zikachukua wastani, ili zile pilipili za kivulini zizimike. Nazo hazikukosa kasoro. Lenzi yake ilikuwa kali mno kiasi kwamba slaidi iliyopinda ilimshinda fundi kupata fokasi pembeni na katikati kwa pamoja.

Kuna tarakimu moja ambayo mnunuzi hupigiwa ngoma nayo dukani, nayo ni idadi ya nukta kwa inchi. Sanduku la skana bapa nzuri, kama zile za Epson Perfection V700 na ndugu zake waliofuata, limeandikwa 6,400. Muuzaji huweka tarakimu hiyo kando ya 4,000 za Coolscan 5000, akakuuliza kwa tabasamu ni ipi kubwa. Lakini wapimaji waliojaribu mashine hizo kwa vibao vya mistari myembamba wameona kuwa maelezo halisi yanayotoka katika hiyo bapa ni takriban nukta 2,300 kwa inchi. Zilizobaki ni ukubwa wa faili tu, hewa iliyojazwa kwenye mpira. Kwa slaidi moja, 4,000 za kweli ni pikseli zipatazo milioni 21. 2,300 ni kama milioni 7. Hizo milioni 7 si haba. Ukubwa wa picha ukutani mwa sebule hauhitaji zaidi. Ndiyo maana nilisema mapema kwamba sababu yangu si ya wauzaji. Kama ubishi ungekuwa juu ya nukta peke yake, ningewaambia watu wanunue bapa waende nyumbani. Nisichoweza kukisamehe ni kivuli.

Vumbi nalo ni adui wa wote wawili. Slaidi iliyokaa stoo miaka hamsini hukusanya chembe ambazo macho hayazioni, lakini zikikuzwa huonekana kama vijiti na nywele juu ya mbingu. Mashine bora za aina zote mbili zina njia ya kuziondoa: hupitisha mwanga wa infraredi, ambao hupenya rangi za filamu lakini huzuiwa na vumbi na mikwaruzo, hivyo mashine hujua kipi ni picha na kipi ni uchafu. Ni uvumbuzi wa kupendeza sana, ila una mipaka miwili inayowagusa watu wetu hasa. Filamu nyeusi na nyeupe ya zamani imejaa fedha, nayo fedha huzuia infraredi kama vumbi linavyoizuia. Mashine ikiachiwa itafuta picha ikidhani inasafisha. Kodachrome pia huichanganya, hasa mahali pa giza, ikanyofoa kope na nyuzi za vitambaa. Kwa hizo mbili, zima kabisa huo usafishaji, utumie kipulizio cha mpira cha kusafishia lenzi na brashi laini. Usipulize kwa mdomo. Mate yakikauka juu ya filamu ni doa la milele.

Nisimwonee mwenye skana bapa. Ukifungua kisanduku ukakuta slaidi mia moja, albamu tatu za picha za karatasi, cheti cha ubatizo, barua za baba akiwa masomoni na negativu pana za kamera za kale zilizotumia filamu ya 120, mabishano yamekwisha: nunua bapa. Skana ndogo za slaidi zinazouzwa mpya leo, mathalani Plustek OpticFilm 8200i, hazipokei kitu kipana kuliko milimita 35, na barua ya baba haziwezi hata kuigusa. Bapa pia haina haraka ya kukuchosha. Ile V850 hupangwa slaidi kumi na mbili kwa mara moja, ukaiacha inguruma peke yake huku ukipika. Plustek hushika nne, na kila moja ni lazima uisogeze kwa mkono. Na ikiwa kusudi lako ni kuwatumia binamu walioko Leicester na Toronto picha za harusi kwa simu, bapa ya wastani yatosha na kubaki.

Hebu tuweke hesabu mezani. Tuseme una slaidi 3,000, na kila moja yachukua dakika nne katika skana ya slaidi. Hizo ni saa 200: siku 25 za kazi ya saa nane bila kupumzika, na hapo sijahesabu siku stima inapopotea ukiwa katikati ya slaidi ya tisini. Kila faili, likihifadhiwa bila kubanwa na kwa kina kamili cha rangi, hufikia megabaiti 128 au karibu na hapo. Zote pamoja ni chini kidogo ya gigabaiti 400, kiasi kinachoenea katika diski moja ya kawaida ya siku hizi. Kwa hiyo kinachokosekana si nafasi, ni muda. Nami nasema hakuna sheria inayomtaka mtu anakili slaidi 3,000. Katika kila kisanduku mna simba kumi na saba waliolala, machweo ya Naivasha yasiyohesabika, na bawa la ndege lililopigwa kupitia dirishani. Keti na wazee mezani, uweke taa nyeupe chini ya kipande cha plastiki ya maziwa, mchague mia tatu zenye watu, nyumba, barabara na maandishi. Kazi hiyo ifanyike kabla ya kununua chochote, tena ifanyike upesi, kwa sababu mashine itapatikana hata mwaka ujao, lakini huenda mwenye kuyajua majina hatakuwapo. Majina yaandikwe kwa penseli juu ya fremu.

Tatizo la skana za slaidi, nalikiri, ni kwamba ufalme wake umepita. Konica Minolta, waliotengeneza DiMAGE zilizopendwa sana, waliacha biashara ya kamera mwaka 2006. Nikon nao waliacha kuziunda Coolscan mwanzoni mwa miaka ya 2010. Zilizobaki huuzwa mkono kwa mkono, nyingine kwa bei iliyozidi ile ya zilipokuwa mpya. Nyaya zake hazichomeki katika tarakilishi za kisasa bila viunganishi, programu zake asilia zimepitwa na wakati, na mafundi wake ni adimu. Programu ya VueScan, inayouzwa tangu mwaka 1998, imezifufua nyingi. Mashine mpya za aina ya Plustek ni nafuu zaidi na zina ufasaha wa kutosha kivulini, hasa ukiziamuru zisome slaidi mara mbili, mara moja kwa mwanga wa kawaida na mara ya pili kwa mwanga mwingi. Ila fokasi yake haibadiliki. Wapo pia wanaoiweka slaidi juu ya taa tulivu na kuipiga picha kwa kamera ya kidijitali yenye lenzi ya kukuza, na hifadhi kubwa kubwa duniani sasa hufanya hivyo. Wapiga picha wa harusi wa Westlands wana kila kitu kinachohitajika kwa kazi hiyo isipokuwa subira ya kuinyoosha kamera sambamba na slaidi. Aliye nayo atapata nyuso zile zile nilizoziona mimi.

Lakini kwa nini kila nyumba ijinunulie? Huu ndio upuuzi ninaouona. Familia ishirini za mtaa mmoja hununua skana bapa ishirini, kila moja ikafanya kazi majuma matatu, kisha ikawa mahali pa kuwekea magazeti. Kanisa, jumuiya ya hekalu, msikiti au chama cha wanafunzi wa zamani chaweza kununua skana moja nzuri ya slaidi na bapa moja, kikaziweka katika chumba chenye pazia na betri ya akiba, na kuwatoza watu kwa saa. Tunacho kielelezo cha jinsi hazina ya mtu mmoja inavyoweza kuwa ya taifa. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kuanzisha Camerapix mjini Dar es Salaam mwaka 1963, alikufa tarehe 23 Novemba 1996 katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na visiwa vya Komoro. Aliacha mamilioni ya picha, zikiwemo za enzi ambayo wachapishaji wa vitabu vya rangi, kama kile chake cha Journey through Kenya cha mwaka 1982, walidai slaidi na si kitu kingine. Hifadhi hiyo haikuachwa ioze. Imetunzwa jijini Nairobi, na sehemu yake imenakiliwa ili ulimwengu uitazame. Sisi tusio Mohamed Amin tuna visanduku. Na ni nani mwingine atakayetuonyesha kwa rangi Westlands ilivyokuwa kabla ya Sarit Centre kufunguliwa mwaka 1983, au mugumo wa Barabara ya Waiyaki, ule ulionusurika shoka mwezi Novemba 2020 barabara ya juu ilipokuwa ikijengwa, ukiwa umezungukwa na nyasi badala ya zege?

Kuna desturi mbaya inayoenea, ya kuzitupa slaidi mara tu zikishanakiliwa. La hasha! Nakala ya leo ni maoni ya mashine ya leo. Familia ile ya Loresho ilikuwa imeshapelekewa diski na duka moja la jijini miaka kadhaa iliyopita, slaidi zote zikiwa zimesomwa kwa bapa, na mjukuu mmoja akapendekeza visanduku vitupwe ili kupunguza mizigo. Kama wangemsikiliza, yule wa pili kutoka kushoto angebaki kofia na kola. Ziweke katika visanduku vyake, mahali pakavu penye giza, mbali na dari ya mabati na mbali na ukuta unaovuja. Wenye jamaa Mombasa na Lamu wazilinde zaidi, kwani unyevu wa pwani huotesha ukungu unaoila jelatini yenyewe, na ukungu ukishaanza huacha nyuzi kama buibui ambazo hakuna mashine izifutayo. Pakiti ndogo za chembe za kukausha, zile zinazokuja na viatu vipya, zisitupwe; zina kazi humo.

Kwa aliye tayari kwenda dukani, nina neno moja la mwisho. Usiende mikono mitupu, wala usikubali kuonyeshwa ua jekundu ambalo muuzaji ameliweka tayari kwenye kioo cha tarakilishi; kila skana hujua kusoma ua jekundu. Chukua mfukoni slaidi yako mwenyewe, ile ambayo watu wameketi chini ya mti na mbingu iko nyuma yao. Mwombe aisome mbele yako, kwa ukubwa wa 2,400 tu, bila kuing'arisha. Kisha mwombe akuze mahali pale pa kivuli, ukaribie, utazame kama wana macho.